Programu Iliyokosa Msomaji

Walimu walimwita Bi Nukta, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa nukta. Alichukua vitabu vya kawaida vya hesabu, historia na sayansi, akavigeuza kuwa vya nukta nundu, yale maandishi ya vijinundu ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Miaka ishirini na moja aliifanya kazi hiyo katika chumba cha mwisho wa korido, kwenye shule ya watoto wasioona, na sidhani kama katika miaka hiyo yote kuna mtu aliyewahi kuingia humo kumjulia hali tu. Waliingia kuchukua vitabu. Wengine waliingia kuuliza kama ameona ufunguo wa stoo.

Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jiko, mashine ya kuchapa nukta iliyopiga kelele mpaka meno yakacheza, marobota ya karatasi nzito, na meza moja yenye viti viwili vinavyotazamana. Kiti kimoja chake. Cha pili cha Mzee Kidole.

Mzee Kidole hakuona tangu utotoni, na kazi yake ilikuwa kusoma. Sheria ya chumba kile ilikuwa hiyo moja tu: ukurasa alioutengeneza Bi Nukta hautoki mpaka vidole vya mtu mwingine viupitie. Aliyeandika huona alichokusudia kuandika, si alichoandika, na hilo analijua kila mtu aliyewahi kuandika hata barua ya kuomba ruhusa. Basi mzee alipitisha kidole mstari kwa mstari, na akikuta kosa alikohoa kwanza. Miaka ile ya mwanzo alikohoa mpaka Bi Nukta akamshauri akapime kifua. Walitaniana hivyo, wakanywa chai, wakafunga vitabu. Miaka miwili ya mwisho mzee hakukohoa kabisa. Bi Nukta alijipongeza moyoni, akasema kumbe na mimi nimebobea, na mkuu wa shule alimpa cheti cha kazi isiyo na dosari. Alikitundika juu ya mashine.

Mwezi wa kwanza binti wa mzee alikuja na gari akamchukua baba yake akaishi kwake, mji mwingine. Mzee aliaga kama mtu anayekwenda kula mchana. Tangu siku ile Bi Nukta alikunywa chai yake akitazama kiti kitupu, na msinielewe vibaya, hakuwa mtu wa kujiliza. Alikuwa mpweke tu, waziwazi, kama watu wengi walivyo. Nyumbani alipanga chumba kimoja na sebule, mwanawe wa pekee alikuwa akifanya kazi nchi ya mbali, na mdogo wake alimpigia simu kila Jumapili. Hayo ndiyo maisha yaliyobaki.

Mwezi wa tano kompyuta ikafa. Ilikufa na ile programu ya kugeuza maandishi kuwa nukta, programu ya kununuliwa, ambayo kampuni yake ilijibu kwa barua fupi kwamba toleo lile halihudumiwi tena. Mkuu wa shule alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Bi Nukta, nitasema wazi. Kiwanda kikubwa cha uchapaji kiko tayari kuchukua kazi yetu. Tukikubali, chumba hiki tunakifunga, wewe unahamia stoo."

"Na vitabu vya darasa la mtihani?"

"Wanasema mwakani."

"Mtihani ni mwaka huu, mkuu."

"Najua ni mwaka huu. Kama una njia nyingine, niambie Ijumaa ya wiki ijayo. Baada ya hapo nasaini."

Njia nyingine aliisikia kwa fundi wa kompyuta aliyekuja kuthibitisha kifo. Fundi alimwambia ipo programu huria ya kazi hiyohiyo. Huria maana yake mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua ndani, kuirekebisha na kuitumia, haombi ruhusa kwa mtu.

"Tatizo," fundi alisema akifunga begi lake, "imetelekezwa. Aliyeitengeneza hajagusa kitu miaka minane. Ikikuharibikia, hakuna wa kumpigia. Mimi mwenyewe sizijui nukta, siwezi kukusaidia. Ni wewe na Mungu wako."

Akamwachia kompyuta ya kuazima na ukurasa wa mtandaoni wa mradi wa programu ile ukiwa wazi kwenye kioo.

Bi Nukta aliusoma ukurasa ule kama mtu anayezunguka nyumba iliyohamwa. Kulikuwa na sehemu ya watu kuuliza maswali, na watu walikuwa wameuliza. Mmoja, miaka saba iliyopita, alitaka kujua jinsi ya kupanga majedwali. Mwingine, miaka mitano. Wa mwisho, mwaka jana, alikuwa ameandika maneno matatu tu kuuliza kama kuna mtu. Hakuna aliyejibiwa. Alimtumia barua pepe yule mtengenezaji kwa anwani iliyokuwa chini ya ukurasa, akajieleza kwa adabu zote, na baada ya dakika mbili barua ikarudi: anwani haipo.

Jumapili mdogo wake alipopiga, akamsimulia.

"Dada, ngoja nielewe," mdogo mtu alisema. "Umekuta kiwanja kina msingi, mwenyewe hajulikani alipo, na wewe unataka kupandisha ukuta uweke watoto wa watu ndani?"

"Msingi unaonekana mzuri."

"Unaonekana. Na ukianza kupasuka utamwita nani?"

"Sina wa kumwita."

"Haya. Stoo kuna ubaya gani? Utakaa, utahesabu ndoo, utastaafu."

Alikuwa anatania, lakini alikuwa na hoja, na Bi Nukta alilijua hilo. Kitabu chenye nukta mbovu ni kibaya kuliko kukosa kitabu. Mtoto anayeona akikutana na kosa la kiwanda hucheka akaendelea. Mtoto wa shule ile akikutana na kosa hudhani kidole chake ndicho kilichokosea. Anarudi nyuma, anasoma tena, anarudi tena, na muda wa mtihani unakwenda.

Jumatatu aliijaribu. Aliingiza sura moja ya kitabu cha hesabu, mashine ikanguruma, zikatoka kurasa kumi. Alizisoma kwa macho, maana yeye alisoma nukta kwa macho, kama wengi wa kazi yake wanaoona. Na jamani, zilikuwa nzuri. Sehemu zilikaa, mabano yalikaa, hata mistari ya mlinganyo ilikatika pale ambapo kidole kingependa ikatike. Kasoro aliikuta kwenye namba za kurasa tu. Ukurasa wa nne uliandikwa sita. Wa tano uliandikwa tisa. Wa sita ukaandikwa nne. Wa nane ulikuwa sifuri.

Alizitazama namba zile kwa muda, halafu akacheka peke yake mle ndani.

Iko hivi. Asiyeona akiandika kwa mkono hutumia kibao na kalamu ya kutobolea. Anatoboa karatasi kwa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, ili akiigeuza nundu zisimame upande wa pili zisomeke kutoka kushoto. Kwa hiyo mkono wake unajua kila alama mara mbili, mbele na nyuma. Na nne ya nukta ukiigeuza ni sita. Tano ukiigeuza ni tisa, nane ni sifuri. Moja ukiigeuza haiwi kitu, unagundua papo hapo. Ni zile tu zinazogeuka zikawa namba nyingine ndizo zinazokupita. Mtu anayeona, anayenakili nukta kutoka kwenye chati, hawezi kufanya kosa lile hata umlipe. Yule mtengenezaji aliyepotea alikuwa haoni. Programu nzima alikuwa ameijenga kwa vidole.

Bi Nukta aliinua uso kumwambia Mzee Kidole, akakuta kiti. Hapo ndipo upweke ulipomkaba kweli, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa tamu na duniani palikuwa na mtu mmoja tu ambaye angelielewa bila kuelezwa.

Siku mbili zilizofuata alisoma kumbukumbu za mradi, maana programu za namna hiyo huhifadhi kila badiliko lililofanywa, nani kalifanya na lini. Akagundua kuwa walikuwa watu wawili. Mmoja alitengeneza, wa pili alisoma. Kila badiliko la mtengenezaji lilisubiri, na chini yake msomaji aliandika kwamba amesoma, ni sawa, au kwamba hapa rudia. Miaka minne walikwenda hivyo, na kwa kuwasoma tu ungejua walipendana. Badiliko la mwisho kupitishwa lilikuwa la namba za kurasa, lile lenye kosa. Msomaji alikuwa ameandika: sawa. Baada ya hapo hakuonekana tena.

Mwezi mmoja baadaye mtengenezaji aligundua kosa lake mwenyewe. Akalirekebisha. Masahihisho yalikuwa yameandikwa yote, mistari sita, na alikuwa na mamlaka ya kuyaingiza mwenyewe kwa kubonyeza mara moja. Hakubonyeza. Aliyaweka pale na kuandika: naomba asomaye. Wiki mbili baadaye aliomba tena. Akaomba mara ya tatu. Mistari sita ile ilikuwa bado inasubiri, mwaka wa nane huu.

"Kumbe hukuchoka," Bi Nukta aliiambia kompyuta. "Uliachwa."

Na akamchukia yule msomaji. Mtu gani anaandika sawa kwa kitu ambacho hajakipitisha kidole? Kosa la nne na sita mtoto wa darasa la pili angelishika. Mzee wangu, alijisemea, asingefanya hivyo hata akiwa na homa.

Alhamisi mchana, siku moja kabla ya kutoa jibu, alijua anachokosa. Programu angeiweza. Fundi alikuwa amemwonyesha jinsi ya kuifungua, na mistari ile haikuwa migumu kuliko jedwali la historia. Alichokosa ni msomaji. Akafunga mlango wa chumba, akampigia Mzee Kidole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Miezi mitano tu umeshaisahau sauti?"

"Aa, Bi Nukta. Simu hizi zinafanya watu wote wafanane."

Alimweleza yote kwa mkupuo, programu, mwenyewe aliyepotea, nne iliyogeuka sita. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Huyo mwenzetu kabisa. Mimi nilichapwa fimbo kwa hiyo nne na sita."

"Sasa mzee, nina ombi. Nitakuwa nakutumia kurasa kwa kifurushi. Kumi kwa wiki. Unazipitisha kidole, unanipigia, unanitajia kasoro. Basi."

Upande wa pili ilisikika redio.

"Mzee?"

"Nipo."

"Kumi ni nyingi? Tufanye tano."

"Sio wingi, mwanangu." Alivuta pumzi. "Vidole havipo."

"Havipo vipi?"

"Sukari. Ilianza ganzi kwenye ncha, nikadhani baridi. Sasa hata vifungo vya shati nafungwa."

"Pole sana, mzee. Imeanza lini?"

"Mwaka juzi. Kabla ya mitihani ya mwaka juzi."

Bi Nukta alikaa. Alisikia jiko upande wa pili wa ukuta, mtu anaburuza sufuria.

"Mwaka juzi ulikuwa hapa," alisema.

"Nilikuwa hapo."

"Ulikuwa unasoma."

"Nilikuwa napitisha mkono."

"Na ulikuwa unasema sawa."

"Kazi yako ilikuwa nzuri. Nilijua itakuwa sawa."

"Mzee, wale ni watoto." Sauti yake ilikuwa imebadilika, na hakujali. "Kwa nini hukuniambia? Mimi nimekaa na wewe meza moja, mkono wako na wangu, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ningekwenda wapi?" mzee alisema. "Hapa kwa binti wanatoka asubuhi wote, wanarudi jioni. Nakaa na redio. Huko nilikuwa na meza. Na wewe ulikuwa upande wa pili."

Bi Nukta alikuwa na maneno makali tayari, na alikuwa na haki nayo. Akayaacha.

"Umemeza dawa leo?" aliuliza.

"Nimemeza."

"Haya, mzee. Tutaongea."

Alikwenda stoo, akachukua kitabu cha hesabu cha mwaka juzi, akakisoma kwa macho kama kimeandikwa na mtu mwingine. Mpaka ukurasa wa kumi na moja alikuwa ameshakuta makosa matatu, yote ya mkono wake. Hapo akamkumbuka mwalimu wa hesabu. Mwalimu huyu, mwanamke asiyeona, mkali mpaka wenzake walipunguza sauti akipita, alikuja chumbani mwaka jana na kitabu kwapani, akisema majibu ya zoezi hayalingani na maswali. Bi Nukta hakunyanyuka hata kwenye kiti. Alimjibu, "Kimesomwa, mwalimu," na kwa kuwa mwenzie haoni, hakujua kwamba Bi Nukta alikuwa anakitazama cheti ukutani wakati anasema. Mwalimu aliondoka, hakurudi tena.

Akakaa na jambo lile jioni nzima. Programu yake ya kununuliwa, yenye kampuni na nembo, ilikuwa imetoa vitabu miaka miwili bila msomaji, na hakuna aliyejua. Ile ya bure, ambayo kila mtu aliiita maiti, ilikuwa imekataa kutoa mistari sita kwa sababu hiyohiyo. Woga wake wote wa wiki ile ulikuwa kuachwa peke yake na kitu kisicho na mwenyewe. Na alikuwa peke yake tangu mwaka juzi, anakunywa chai na mtu, anataniana naye, anapongezwa.

Ijumaa asubuhi aliingia ofisini kwa mkuu wa shule akasema yote, pamoja na vitabu vya miaka miwili. Mkuu alivua miwani.

"Unajua unaniambia nini? Naweza kukifunga chumba leo kwa maneno hayo tu."

"Najua."

"Mzee tumwandikie barua?"

"Asiandikiwe. Mwenye macho pale mezani nilikuwa mimi."

"Na hiyo programu, ungeiweza peke yako?"

"Peke yangu nimeshafanya miaka miwili, mkuu, na umeona matokeo. Nitaichukua, nitaitunza, ikipasuka nitaiziba mimi. Lakini nipewe msomaji. Nisipopewa, funga, mimi niende stoo, na watoto wasubiri mwakani. Bora wasubiri."

Mkuu alizungushazungusha kalamu. Nafasi ya kuajiri hakuwa nayo. Mtu mzima aliyebaki pale anayesoma kwa vidole alikuwa mmoja tu, na wote wawili walimjua.

"Vipindi viwili kwa wiki," alisema hatimaye. "Lakini ukamwombe mwenyewe. Mimi simwambii yule mama chochote."

Alimwomba kwenye korido, wamesimama. Alianza na mwaka jana, na kitabu kile, na jinsi alivyomjibu. Mwalimu wa hesabu alimsikiliza mpaka mwisho, fimbo yake imetulia, halafu akasema, "Jumatano saa nne," akaenda zake.

Jumatano alikuja saa nne kamili. Alikaa kwenye kiti cha mzee bila kuuliza kilikuwa cha nani. Chai alikataa. Bi Nukta alimpa kwanza kurasa zilizochapwa kwa ile mistari sita, na mwalimu akapitisha kidole kwenye namba moja moja, nne, tano, sita, nane, mpaka mwisho.

"Hizi ni sawa. Nani kazitengeneza?"

"Simfahamu."

Bi Nukta aliingia kwenye ukurasa wa mradi, akaandika kwamba masahihisho yamesomwa na ni sawa, akataja na tarehe. Mpaka leo hakuna aliyejibu.

Halafu akampa ukurasa wake mwenyewe, wa kwanza wa kitabu cha darasa la mtihani. Aliurudia mara tatu kwa macho kabla ya kuutoa. Mwalimu aliuweka sawa mezani, kidole kikaanza kutembea, polepole, kikateremka mstari wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena.

"Hapa pana kosa," alisema.

Miaka miwili na nusu hakuna msomaji aliyemwambia Bi Nukta amekosea. Aliinamia meza, machozi yakamshuka, akashukuru kwamba mwenzie haoni, halafu akaona hilo nalo ni uongo wa aina ileile.

"Mbona unalia?" mwalimu aliuliza, amesikia pumzi yake. "Ni nukta moja tu."

"Ndiyo, nalia, mwalimu. Asante. Endelea."

Kidole cha mwalimu kikaendelea kuteremka. Kosa la pili lilikuwa mstari wa tisa.